Notepad++, VS Code, Vim au Emacs: kihariri gani kinaifaa laptopu ya mtumba hapa Mbeya

Laptopu yangu ni ya mtumba. RAM gigabaiti 4, hadiski ni ile ya kuzunguka, na betri ilishakufa zamani, kwa hiyo waya ukichomoka ukutani inazima papo hapo kama taa. Ndiyo ninayotumia kutengenezea tovuti na programu ndogondogo za wafanyabiashara wa mjini Mbeya, na ndiyo hiyohiyo ninayoandikia makala zangu za Kiswahili. Kazi zote mbili nazifanya ndani ya kihariri matini, yaani programu ya kuandikia maandishi matupu, yasiyobeba fonti wala urembo wa kurasa. (Wenzangu huita uandishi wa programu "kukodi". Mama akinisikia naongea na simu hudhani bado natafuta chumba.)

Nina kameza kangu ndani ya steshenari moja Mwanjelwa, na vijana wa vyuo wanaokuja kuprinti hunipitia na swali lilelile: "Shikamoo kaka, nianze na kihariri kipi?" Wengi wameshasoma mabishano ya mtandaoni mpaka wamechanganyikiwa. Shida ya mabishano yale ni kwamba waliobishana hawanunui bando la siku wala hawajui mgao. Mimi navipima vihariri kwa mambo matatu: umeme ukikatika kazi yangu inabaki? Kinakula bando na RAM kiasi gani? Na je, kinakielewa Kiswahili, au kila mstari ni vita?

Umeme ukikatika

Ilikuwa Julai, baridi ile ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Nilikuwa naandika ukurasa wa bei wa nyumba ya wageni fulani, na kihariri kilikuwa nano, kile kidogo kinachokuja na Linux nyingi. Karibu saa mbili nilikuwa sijahifadhi hata mara moja. Mtaa mzima ukasema "aaah" kwa pamoja, giza. Umeme uliporudi, faili lilikuwa vilevile kama nilivyolifungua mchana. Nano hujaribu kuokoa kazi pale mfumo unapoifunga kwa nguvu, lakini umeme hauagi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuvijaribu kwa makusudi. Naandika, nahesabu sekunde, nachomoa waya. Usifanye hivyo kwenye mashine yenye kazi za watu, hadiski haipendi.

Vim inaponea kwa faili la pembeni lenye jina linaloishia na .swp, linalokaa kimyakimya kando ya faili lako. Inaliandika kila ukifikisha herufi 200, au ukinyamaza kwa sekunde 4. Umeme ukirudi na ukafungua faili lako, Vim inakupokea na ujumbe mrefu wa kutisha unaoanza na E325. Watu wengi hapo hubonyeza ovyo na kuipoteza kazi iliyokuwa imeshaokolewa. Bonyeza R tu, soma ulichorudishiwa, hifadhi, kisha ndipo ulifute lile faili la .swp.

Emacs ina mpango unaofanana na huo: inaandika nakala kila baada ya vibonyezo 300, au ukikaa sekunde 30 bila kugusa kitu. Nakala inapewa jina la faili lako likiwa limefungwa na alama ya # mbele na nyuma, na unairudisha kwa amri ya recover-this-file. Tofauti na Vim ni hizo sekunde. Mimi huandika sentensi moja, natazama dirishani, naandika nyingine, kwa hiyo sekunde 30 kwangu ni nyingi.

Notepad++ ndiyo iliyonishangaza. Inahifadhi nakala kila sekunde 7, na haijali kama faili umelipa jina au la. Unaweza kuwa na tabo sita zilizoandikwa "new 1", "new 2" na kuendelea, zote hazijawahi kuhifadhiwa, na ukiwasha mashine zinarudi zote na ulivyoziacha. Kwa mtu ambaye hajajenga tabia ya kubonyeza Ctrl+S, hii inaizidi Vim. Huhitaji kujua amri yoyote ya kuokoa.

VS Code nayo inaweka akiba ya mabadiliko ambayo hujayahifadhi na kuyarudisha ukiifungua tena. Juu ya hapo kuna Auto Save kwenye menyu ya File, ambayo kwa kawaida imezimwa. Iwashe. Sublime Text ina akiba ya namna hiyo pia.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kukuahidi asilimia mia, maana kihariri kinaweza kudhani kimeandika kumbe mfumo bado umeyashika maandishi kwenye RAM ukisubiri nafasi ya kuyashusha kwenye hadiski. Ila kati ya kupoteza sentensi mbili na kupoteza saa mbili, najua ninachochagua.

Bando na RAM

VS Code ilitangazwa na Microsoft mwaka 2015 na leo ndiyo inayofundishiwa karibu kila video. Imejengwa juu ya Electron, maana yake kila ukiifungua unafungua na injini nzima ya kivinjari cha Chromium ndani yake. Kabla hujaandika herufi moja imeshachukua mamia ya megabaiti za RAM. Kwenye mashine ya gigabaiti 16 hutalisikia hilo. Kwenye yangu, nikiwa na Chrome yenye tabo tano pembeni, inakuwa kama bodaboda iliyobeba magunia mawili ya viazi kutoka Uyole: inafika, lakini usiulize lini.

Kuipakua ni kama megabaiti 100 hivi. Notepad++ haifiki 10. Na kupakua ni mwanzo tu, maana VS Code hujisasisha yenyewe mara kwa mara, na kila nyongeza uliyoweka nayo inajisasisha kivyake. Bando la asubuhi linaweza kuisha hujafungua hata barua pepe. Dawa ipo kwenye mipangilio: update.mode iweke manual, na ile ya kusasisha nyongeza zenyewe izime. Nyongeza nazo zinaweza kusafiri kwa flashi zikiwa faili la .vsix, huna haja ya watu watano wa darasa moja kupakua kitu kilekile mara tano. Flashi yangu ina vihariri vyote ninavyovitaja hapa, na imezunguka Mbeya kuliko mimi.

Baada ya kuisema hivyo, lazima niseme pia kwa nini sijaifuta. Ukiwa na mradi wa mafaili arobaini, VS Code inakuonyesha kosa kabla hujaendesha programu, inakupeleka mahali kitu kilipoandikwa kwa mara ya kwanza, inakuonyesha kupitia Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko) umebadilisha wapi, na inakuacha usimamishe programu katikati uchungulie ndani. Mwanafunzi anayeanza Python au JavaScript anapata haya yote bila kusoma mwongozo. Vim na Emacs nazo zinaweza kufanya hivyo, lakini kwa jasho.

Na hilo jasho limepungua sana kwa sababu ya Microsoft wenyewe. Mwaka 2016 waliutoa wazi utaratibu wa kihariri kuongea na programu inayoijua lugha ya msimbo (maandishi yanayounda programu), unaoitwa Language Server Protocol. Kabla ya hapo kila kihariri kilitengenezewa ujanja wake. Sasa seva ileile ya lugha inayoisaidia VS Code inaweza kuisaidia Neovim (tawi la Vim), Emacs au Kate, kihariri kingine. Emacs toka toleo la 29 la mwaka 2023 inakuja na uwezo huo ndani yake. Kwa hiyo anayekuambia Vim na Emacs ni za wazee hazina msaada wa lugha, amechelewa habari.

Kama unachoogopa ni VS Code kutuma takwimu za matumizi kwa Microsoft, unaweza kuizuia kwenye mipangilio kwa kuweka telemetry.telemetryLevel kuwa off. Au chukua VSCodium, ambayo ni msimbo uleule uliojengwa bila vitu hivyo. Inatumia duka jingine la nyongeza, na baadhi ya nyongeza za Microsoft hutazikuta humo.

Kwa laptopu dhaifu inayotumia Linux, kabla hujakata tamaa jaribu Geany. Ni nyepesi, inapaka rangi msimbo, na ina kitufe cha kuendesha programu. Haina mengi zaidi, na mashine yako haina nafasi ya mengi zaidi.

Mtihani wa ng'ombe

Hapa ndipo ninapovijua vihariri vizuri, kwa sababu sijawahi kuona mtu akivilinganisha kwa neno "ng'ombe".

Mfanyabiashara mmoja aliniletea orodha ya bidhaa aliyoichapa kwenye Word. Nikaiweka kwenye tovuti yake. Siku ya pili ananipigia: mteja akitafuta "ng'ombe" hapati kitu, na nyama ya ng'ombe ipo palepale juu inaonekana. Nilihangaika nusu siku. Kumbe Word, kwa wema wake, ilikuwa imekibadilisha kiritifaa, ile alama ya katikati ya "ng'ombe", kutoka kilichonyooka kikawa kile kilichopinda. Kwa macho ni neno moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo ni maneno mawili tofauti. Kihariri matini hakikufanyii wema huo. Ulichobonyeza ndicho kinachoingia. Hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu anayeandika Kiswahili cha kuwekwa mtandaoni aachane na Word kwenye hatua ya kuandika.

Kiritifaa hichohicho kina mtego mwingine ndani ya msimbo. Ukiandika hivi kwenye PHP:

$bidhaa = 'Nyama ya ng'ombe';

programu inadhani maneno yameishia kwenye "ng", na "ombe" inabaki nje ikiwa haina maana. Kihariri chochote kinachopaka rangi kitakuonyesha kosa kabla hujaendesha: rangi ya maandishi inakatika ghafla katikati ya mnyama. Notepad ya kawaida ya Windows haipaki rangi, ndiyo maana simshauri mtu aanzie hapo. Zungushia maneno kwa alama ya " badala ya ', basi.

Halafu bonyeza "ng'ombe" mara mbili kwa mausi. VS Code itachagua "ng" au "ombe", kutegemea mausi iliangukia wapi. Sublime nayo hivyohivyo. Kwenye VS Code tafuta mpangilio wa editor.wordSeparators ukifute kiritifaa kwenye ile orodha. Kwenye Notepad++ nenda sehemu ya Delimiter ya mapendeleo, uiambie kiritifaa ni sehemu ya neno. Kwenye Vim andika:

:set iskeyword+=39

ambapo 39 ni namba ya kiritifaa. Bila hiyo, kuruka ng'ombe mmoja kwa w, kitufe cha kuruka neno, ni hatua tatu. Emacs ukiwa kwenye hali yake ya maandishi ya kawaida inahesabu kiritifaa kuwa ndani ya neno tayari, hugusi kitu. Kwa mtihani huu Emacs peke yake ndiyo iliyomkubali ng'ombe mzima tangu siku ya kwanza.

Tahajia sasa. VS Code haina kikagua tahajia mpaka uongeze. Vim inayo, na orodha yake ya lugha ina Kiswahili: andika :set spell spelllang=sw, na mara ya kwanza itakuuliza kama ilipakue faili la maneno. Maneno yenye shaka yanawekewa alama, ]s inakupeleka kwenye linalofuata, z= inakupa mapendekezo, zg inaliingiza neno kwenye orodha yako. Usitegemee miujiza. Vitenzi vyetu vinabeba sentensi nzima mgongoni, na hakuna orodha itakayolijua "nisingaliwaambia" na ndugu zake wote. Mimi naiwasha mwishoni tu, kukamata "kwahiyo" na "nakadhalika", kisha naizima. Notepad++ na Emacs zinaweza kutumia kamusi za Hunspell, programu ya bure ya kukagua tahajia, ambako Kiswahili cha Tanzania kipo, ila utaziweka kwa mkono.

Na kwa wanaoandika lugha zetu za huku: Kinyakyusa kwa tahajia yenye ɨ na ʉ kinahitaji faili liwe UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo utakuta alama za kuuliza mahali pa irabu. Vihariri vyote nilivyovitaja vinaweza UTF-8. Notepad++ inakuonyesha kwa kona ya chini faili ni la aina gani, jambo linaloniokoa nikipokea mafaili ya watu. Kwenye Vim, ukiwa unaandika, Ctrl+V kisha u0268 inatoa ɨ, na u0289 inatoa ʉ. Ni kazi kwa herufi moja moja, lakini unaweza kuzipa njia ya mkato na usahau namba.

Kujifunza Vim, na Emacs ya rafiki yangu

Vim inawatisha watu kwa sababu ukiifungua na kuanza kuandika, haiandiki. Ina hali mbalimbali: moja ya kuamuru, nyingine ya kuandika. Unabonyeza i ndipo uandike, unabonyeza Esc kurudi kwenye amri. Asili yake ni vi, aliyoitengeneza Bill Joy mwaka 1976 akitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale ilichorwa juu ya vitufe vya h, j, k na l, na Esc ilikuwa karibu, pale Tab ilipo leo. Ndiyo sababu ya mambo ambayo leo yanaonekana kama ukaidi. Mimi nilihitaji wiki mbili za kuchukia. Baada ya hapo niligundua nahariri zaidi kuliko ninavyoandika, na kwenye kuhariri ndiko inakotamba: dd inafuta mstari, ciw inabadilisha neno, dap inaondoa aya nzima. Julai nikiwa nimejifunika blanketi, mkono hautoki kwenda kutafuta mausi.

Kuna jambo jingine linalonifanya niipende, na halihusiani na ufundi. Ukiifungua Vim bila faili, mara nyingi inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Mtunzi wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliwahi kujitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wetu. Programu akaitoa bure toka 1991, akawa anawaomba wanaoipenda wachangie kituo hicho. Alifariki Agosti 2023, na programu inaendelezwa na wengine. Andika :help uganda uisome mwenyewe.

Emacs siitumii kila siku, kwa hiyo nitamsema rafiki yangu wa Iringa anayeandikia humo utafiti wake wote. Ukimpigia, baada ya "kamwene" cha kwanza kukuambia ni Org, sehemu ya Emacs ambamo anaweka sura, orodha ya kazi, majedwali na maelezo, vikikunjwa na kukunjuliwa kwa Tab. Kwa maandishi marefu sijaona kitu kinachoifikia. Gharama yake ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto, maana Ctrl inabonyezwa kwa kila kitu. Zamani waliikejeli kwamba inakula megabaiti nane na bado inahema. Leo megabaiti nane ni picha mbili za simu, na kati ya Emacs na VS Code, mlafi ni mwingine.

Sublime Text niipitie haraka: ina kasi, inapendeza, unaweza kuijaribu bila kikomo huku ikikukumbusha mara moja moja kwamba hujalipa. Leseni ni dola 99, zaidi ya laki mbili za kwetu. Siwezi kumshauri mwanafunzi hivyo wakati nyingine ni za bure.

Asiye na laptopu kabisa asikae kusubiri. Kwenye simu ya Android kuna Acode, na kuna Termux, terminali ya kuandikia amri ndani ya simu, ambayo unaweza kuiwekea Vim halisi. Kibodi ya kioo inachosha, ila tovuti ndogo inatoka.

Kwangu mimi imekuwa hivi: makala na mafaili ya seva ni Vim, mradi mkubwa wa mteja ni VS Code huku Chrome imefungwa. Anayeanza leo kwenye Windows, mwenye RAM gigabaiti 4, nampa Notepad++ kwanza, ahamie VS Code siku atakapopata mashine nzuri au mradi utakapomzidi.

Ndivyo nilivyomjibu kijana aliyekuja wiki iliyopita. Nikamwekea Notepad++ kutoka kwenye flashi, akaandika mistari kumi bila kuihifadhi, nikamwambia ahesabu mpaka kumi kisha achomoe waya. Akainama chini ya meza, akachomoa. Ulikuwa waya wa ekstensheni. Mashine ya fotokopi ikafa ikiwa na kitambulisho cha mteja ndani, na mama mwenye duka akasimama. Wakati anatusema, kijana alikuwa ameshawasha laptopu, ananivuta shati anionyeshe: mistari yake kumi yote ipo.